Dawa ya moyo inapopanda kichwani

Mzee akianza kuropoka ghafla hapa Bukavu, akamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake marehemu, akasukuma sahani na kulala mchana kutwa, nyumba haikosi mtu wa kueleza. Mmoja atasema malaria imepanda kichwani. Mwingine atasema ni uzee, tumwache apumzike. Wa tatu atashusha sauti na kutaja karuho, ile sumu ambayo wengi wetu wa Kivu tunaamini hutiwa kwenye pombe au chakula na mtu mwenye kinyongo, ikamla mtu polepole. Anayeuliza mzee anakunywa dawa gani za moyo, na kama kuna kilichobadilika wiki hizi mbili, mara nyingi huwa ni daktari, na hadi kufika kwake siku zimekwisha kupita.

Malaria ipo, na kipimo chake ni cha dakika chache, kwa hiyo kifanywe. Uzee nao upo, ila hauna haraka hiyo: mtu aliyekuwa anahesabu makuta yake, yaani pesa, vizuri Jumapili hawezi kuzeeka akili kufikia Jumatano. Karuho nawaachia wanaoijua. Ninachotaka kueleza ni kwamba dawa tunazopewa kwa ajili ya moyo na tansio, yaani presha ya damu, zina njia zao za kufika kichwani, tena zaidi ya moja, na kwamba mtu anaweza kuzidiwa na dawa bila kumeza hata kinini, yaani kidonge, kimoja zaidi ya alichoandikiwa.

Tuanze na ubongo wenyewe. Uzito wake ni kama 2% ya mwili, lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni ya mtu aliyetulia. Ghala hauna. Damu ikisimama kabisa, mtu huzimia katika sekunde kama 10, na baada ya dakika 4 hadi 6 seli za ubongo huanza kufa bila kurudi. Kwa hiyo dawa yoyote inayopunguza kasi ya moyo au kulegeza mishipa, hata kama yenyewe haigusi ubongo, inaushika ubongo kwa mkono wa moyo. Wanaokaa kwenye mlima wa Kadutu, hapa hapa mjini, wanalijua jambo hili kwa maji ya bomba: presha ikishuka, robine za bondeni bado zinatiririka, za juu ndizo hukauka kwanza. Mtu akisimama, kichwa ndicho nyumba ya juu kabisa. Ndiyo sababu dalili ya kwanza ya dawa ya tansio iliyozidi huwa kizunguzungu na giza machoni wakati wa kuinuka kitandani, na ndiyo sababu wazee huanguka usiku wakienda msalani.

Mwili una kinga yake. Mishipa ya ubongo hujipanua presha inaposhuka na kujibana inapopanda, ili damu inayofika ibaki ile ile. Lakini kinga hiyo ina mipaka, na mipaka husogea. Mtu aliyeishi miaka na tansio ya 18 kwa 11, kama tunavyoisoma kwa mtindo wa Kifaransa (kwingine husomwa 180 kwa 110), ubongo wake umezoea presha kubwa. Ukimshusha kwa nguvu hadi 12 kwa 7 ndani ya nusu saa, namba itakufurahisha wewe, lakini kwa ubongo wake hiyo ni njaa. Anaweza kupooza upande mmoja kwa ukosefu wa damu, mikononi mwa watu waliokuwa wanamkinga na kupooza huko huko.

Hili si jambo la kufikirika. Kwa miaka mingi, sehemu nyingi za dunia, mtu aliyepandwa na tansio alitobolewa kidonge laini cha nifedipini na kumwagiwa chini ya ulimi. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani waliandika wazi kwamba mtindo huo uachwe, kwa sababu presha hushuka bila kipimo na wagonjwa walipata kiharusi na mshtuko wa moyo. Tena ilionekana kwamba dawa yenyewe hainyonywi vizuri chini ya ulimi; inayofanya kazi ni ile inayomezwa pamoja na mate. Mtindo wenyewe haujafa. Bado utamkuta jirani mwenye huruma anayeweka kinini chake cha tansio akiba kwa ajili ya mtu atakayepandwa na damu usiku.

Nifedipini ina ndugu yake, amlodipini, ambayo leo iko karibu katika kila nyumba yenye mtu wa tansio. Na verapamili ni ya familia hiyo hiyo, ila yenyewe hupiga moyo zaidi kuliko mishipa. Zikizidi, kuna tabia moja inayodanganya watu: mgonjwa anaweza kubaki na akili timamu kwa muda mrefu huku presha yake iko chini vibaya. Anapanda moto, yaani pikipiki, mwenyewe, anafika hospitali, anasimulia, watu wanapumua. Baada ya saa kadhaa anaporomoka. Udanganyifu unazidi kwa vinini vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole. Kwenye kartoni utaona herufi LP au neno «retard». Mtu akimeza vingi vya namna hiyo asubuhi, balaa linaweza kuja jioni. Na kuna kosa la upande wa pili, linalofanywa kwa mapenzi: mama hawezi kumeza kidonge kikubwa, binti anakiponda kwa kijiko na kukichanganya na uji. Kidonge cha LP kikipondwa, dawa iliyopangiwa siku nzima inamwagika tumboni kwa mara moja. Kabla ya kuponda kinini chochote, uliza farmasi.

Propranololi, dawa ya kutuliza moyo na tansio, ni hadithi nyingine. Dawa nyingi za moyo huzuiwa na ule ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu kuingia ubongoni. Propranololi huyeyuka kwenye mafuta, na seli za ukuta huo zimefunikwa na mafuta, basi inapita kama mtu wa nyumbani. Hata kwa dozi ya kawaida wengine hulalamika ndoto mbaya na usingizi wa mang'amung'amu. Ikizidi, pamoja na moyo kupiga polepole na presha kuanguka, mtu anaweza kupata kifafa na kupoteza fahamu, kwa sababu dawa hiyo huziba pia milango ya sodiamu ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe. Atenololi, ambayo ni ya ukoo huo huo, huyeyuka kwenye maji, hivyo ubongoni inaingia kidogo sana. Yenyewe inategemea figo kutoka mwilini, na udhaifu wake uko hapo.

Kwa watoto propranololi ina njia ya tatu: hushusha sukari ya damu. Mtoto aliyeokota vinini vya bibi na kuvionja kama peremende anaweza kukutwa analegea, anatoka jasho, halafu anatetemeka mwili mzima. Kwa macho ya nyumbani ni degedege la malaria. Sukari ipimwe palepale. Kidole kinatobolewa, kipimo kinachukua sekunde chache, na maji ya glukosi yanaweza kumrudisha. Vinini kimoja au viwili vya dawa hizi, au vya jamaa ya amlodipini, vinatosha kumhatarisha mtoto wa miaka 2. Ile tabia ya kufunga dawa kwenye kitenge au kuziacha kwenye kikombe mezani ifikiriwe upya kwenye nyumba yenye watoto.

Sasa tuje kwa digoksini, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi moyo na ubongo wanavyosemezana.

Asili yake ni jamii ya mimea ya Ulaya yenye maua kama kengele. Mwaka 1785 daktari wa Uingereza, William Withering, aliandika kuhusu wagonjwa aliowatibu uvimbe wa maji kwa majani ya mmoja wa mimea hiyo, na hakuficha upande mbaya: dawa ikitolewa nyingi na haraka, mtu hutapika, hupata kizunguzungu, na huona vitu vikiwa vya kijani au vya njano. Zaidi ya miaka 200 imepita na maelezo hayo hayajahitaji kurekebishwa. Leo inatolewa kwa watu wachache kuliko zamani, hasa wale ambao moyo wao umechoka au unapiga bila mpangilio. Kwetu, ambako vijana wengi huharibikiwa valvu za moyo, yaani milango yake ya damu, kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, bado utaikuta mikononi mwa mwanamke wa miaka 25 na pia kwa mzee wa 80.

Kazi yake hufanyika kwenye pampu ndogo zilizoko kwenye ngozi ya kila seli. Pampu hiyo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana. Mdenmarki Jens Skou aliigundua mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Digoksini huikaba kidogo, sodiamu inabaki ndani, nayo husababisha kalsiamu kujikusanya, na msuli wa moyo unakaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo faida. Shida ni kwamba pampu hizo haziko moyoni peke yake. Sehemu kubwa sana ya nguvu inayotumiwa na ubongo huenda kuziendesha, kwa kuwa neva bila pampu ni kama haina chaji. Na kwenye jicho, seli zinazotambua rangi zinazitegemea mno. Kwa hiyo dawa ikipanda, rangi huharibika: ukuta mweupe unakuwa na umanjano, taa inazungukwa na duara la mwanga, macho yanaona ukungu. Ni dalili ambayo mzee hawezi kuisema mwenyewe, maana anafikiri ni macho tu yamechoka. Muulize: mama, ukiangalia shuka hii unaona rangi gani?

Kichefuchefu cha digoksini kina siri yake. Watu hudhani tumbo limekataa dawa, wanampa kitu cha kutuliza tumbo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kichefuchefu hicho huanzia ubongoni. Chini kabisa ya ubongo, karibu na uti wa mgongo, kuna kisehemu kidogo kinachoonja damu ili kutambua sumu, na kwa sababu hiyo hakina ule ukuta wa kuchuja. Digoksini inakigusa, na mtu anakinai chakula, anatapika. Jirani na hapo ndipo penye makao ya neva inayopunguza kasi ya moyo. Nayo huchochewa, mapigo yanashuka. Kwa hiyo mama anayesema tu kwamba ugali haumpendezi tena na kila kitu kinanukia vibaya, huenda ubongo wake umeshapiga kengele siku kadhaa kabla moyo haujaanza kuruka mapigo.

Baada ya hapo ndipo kuchanganyikiwa kunakuja. Wengine huwa wanyonge na wazito wa kujibu, wengine huona watu wasiokuwepo, wengine hugeuka wakali. Wazee wanaweza kufika huko hata kama kipimo cha dawa kwenye damu kinaonyesha kiwango ambacho vitabu vinakiita cha kawaida. Hapa namba ya maabara haimalizi shauri. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayesomwa.

Na ni hapa karuho inapoingia kwa mlango wa nyuma. Tazama dalili: hakuna hamu ya kula, kutapika, kukonda, udhaifu, maneno yasiyoeleweka. Ni zile zile ambazo familia imezisikia katika kila hadithi ya mtu aliyetiliwa sumu. Anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, anapewa dawa ya kutapisha na kuharisha ili sumu itoke. Kutapika na kuharisha humaliza maji na potasiamu mwilini. Figo zilizokosa maji haziwezi kuitoa digoksini. Na potasiamu ikipungua, digoksini inaikamata pampu kwa nguvu zaidi, maana viwili hivyo hugombania kiti kimoja. Mgonjwa anazidi, na kuzidi kwake kunathibitisha kwamba sumu ilikuwa kali. Sijui mzunguko mwingine mbaya kuliko huo, na ndani yake hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Bila mganga yeyote, kipindupindu kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Huku Kivu kipindupindu hakiendi mbali. Huondoka na kurudi. Mtu wa digoksini na Lasix, ile dawa ya kukojoza, anayeharisha siku mbili na kuendelea kunywa dawa zake kwa uaminifu anajijazia: Lasix inamkamua maji na potasiamu ambavyo tayari hana, figo zinapunguza kazi, digoksini inabaki. Figo zikiwa nzima, nusu ya digoksini hutoka katika siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikiwa zimelala, nusu hiyo hiyo huchukua siku 4 au zaidi, na kila asubuhi kinini kingine kinaongezwa juu. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Dozi ni ile ile, mwili ndio umebadilika. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo akishikwa na kuharisha kukubwa au kutapika, safari ya hospitali ni ya siku hiyo hiyo, na swali la kwanza kwa daktari ni dawa zipi zisimame kwanza.

Dawa nyingine nazo husukumana. Amiodaroni na verapamili hupandisha digoksini kwenye damu. Baadhi ya antibiotiki pia, kama klaritromisini na eritromisini, ambazo mtu hununua kwa kikohozi bila kufikiria moyo. Kisha kuna namba zenyewe. Kartoni moja imeandikwa 0,25 mg, nyingine iliyotoka upande wa Kampala imeandikwa 250 mikrogramu. Ni kiasi kile kile, lakini macho yanaona robo na mia mbili na hamsini. Na kuna vinini vya watoto au vya wazee vya 0,0625 mg, ambavyo vinne ndivyo vinafanya kimoja cha 0,25. Mtu aliyezoea kunywa vinne vidogo akauziwa vikubwa, akanywa vinne, amekunywa mara nne ya dozi yake kwa nia njema kabisa.

Mazungumzo kwenye farmasi huweza kwenda hivi:

— Mama, hii ya kartoni nyeupe unaikunywa saa ngapi?

— Asubuhi, mwanangu.

— Na hii ya bluu?

— Ile daktari mwingine ndiye alinipa. Mangaribi.

— Mama, hizi mbili ni dawa moja.

— Dawa moja namna gani? Rangi si moja.

Mama hana kosa. Jina kubwa lililo mbele ya kartoni ni la kiwanda. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, na ndilo la kulinganisha. Huku mpakani, ambako duka linauza kilichofika wiki hiyo, kutoka Bujumbura, Kigali au kwa ndege, mgonjwa mmoja anaweza kupitia kartoni za rangi tatu kwa mwaka mmoja.

Kuna pia kartoni inayosema uongo mtupu. Kati ya mwisho wa 2014 na mwaka 2015, kule Ituri, humu humu Kongo, mamia ya watu walianza kukakamaa shingo na uso, ndimi zikatoka nje, macho yakageuka juu. Mwanzoni watu waliogopa uti wa mgongo, yaani meninjiti. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba vidonge walivyomeza kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Hiyo haikuwa dawa ya moyo, lakini nimeitaja kwa sababu ni yetu, na kwa sababu hata wataalamu waliangalia ubongo wa mgonjwa kabla ya kuangalia kopo lake.

Njia ya mwisho kubwa ni ya damu inayokataa kuganda. Waliowekewa valvu ya chuma moyoni, na baadhi ya wenye mapigo yasiyo na mpangilio, hupewa Sintrom au wafarini ili damu isifanye mabonge. Mabonge yakijifanya, hupanda kichwani na kuleta kiharusi. Dawa ikizidi, mshipa wa kichwani huvuja na kuleta kiharusi cha aina nyingine. Nafasi kati ya mashimo hayo mawili ni nyembamba, ndiyo maana kuna kipimo cha kuganda kwa damu kinachoitwa INR, na wengi hulengwa kubaki kati ya 2 na 3. Valvu nyingine huhitaji zaidi kidogo. Metronidazoli, yaani ile Flagyl ambayo kila mtu hapa hununua tumbo likivuruga, hupandisha nguvu ya Sintrom sana. Bactrim, antibiotiki nyingine, vilevile. Na chakula kinahesabika: sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha) vina vitamini K nyingi, ambayo huipinga dawa. Hakuna haja ya kuacha sombe. Ubaya ni kula kila siku kwa miezi, dozi ikapimwa hivyo, halafu kuacha kwa mfungo au kwa msiba wa wiki mbili. Dawa inabaki bila mpinzani. Fizi zinazotoa damu wakati wa kusugua meno, mkojo wa rangi ya chai nzito, na zaidi ya yote kichwa kinachouma ghafla kuliko maumivu yote ya zamani, hayo hayangojei asubuhi. Vitamini K kwa mshipa ipo, na hospitali kubwa zinaijua kazi yake.

Chumvi ya damu nitaipitia haraka. Dawa za kukojoza, hasa haidroklorothiazidi ambayo mara nyingi huchanganywa ndani ya kinini kimoja na dawa ya tansio, zinaweza kushusha sodiamu hadi ubongo ukajaa maji na kuvimba. Anayeathirika zaidi ni bibi mwembamba, anayekula kidogo na kuambiwa anywe maji mengi. Analala, anachanganyikiwa, anaweza kupata kifafa. Aspirini nayo: ya moyo ni ya 75 au 100 mg, ya maumivu ni ya 500. Anayekunywa za 500 kila siku mara kadhaa akidhani anaulinda moyo, akaanza kusikia masikio yakilia na pumzi kwenda mbio, amekwisha kuzidi.

Na kuna ua moja la kutazama uani. Laurier rose, lile lenye majani membamba magumu na maua ya waridi, linalopandwa penye villa na shule, lina sumu ya jamaa ya digoksini. Lile lenye maua ya njano kama tarumbeta pia. Afrika iliijua jamaa hii ya sumu mapema, kwa mishale. John Kirk, yule daktari wa Scotland aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza pale Zanzibar, alipokuwa Zambezi na Livingstone aliweka mswaki wake mahali pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe, akaonja uchungu asubuhi na kuona mapigo yake yamepungua. Toka hapo ilipatikana dawa ya moyo ya strofantini. Chai ya majani ya laurier rose kwa hiyo haina tofauti na kumeza digoksini bila kujua ni ngapi.

Ukishuku kwamba dawa imezidi, mpeleke mtu hospitali hata kama bado anaongea, na uchukue kartoni zote, vifuko vyote, hata kinini kimoja kilichobaki. Usimtapishe. Maziwa na mafuta ya mawese hayaondoi dawa hizi, na mtu mwenye usingizi akitapika mafuta yanaingia mapafuni. Akipata kifafa mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Wakati wa kungoja moto au gari, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima na uandike namba na saa. Chini ya 60 kwa mtu wa digoksini, kinini kinachofuata kinangoja neno la daktari. Kama kuna shaka kwamba mtu alimeza kwa makusudi, sema hivyo kwa madaktari bila aibu na bila kumgombeza. Matibabu yanategemea kiasi na saa, na yeye anahitaji mtu wa kukaa naye hata baada ya damu kusafika.

Hospitali ina zaidi ya watu wanavyodhani. Mkaa wa dawa husaidia kama mgonjwa amefika mapema, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, na kama yuko macho. Atropini huamsha moyo uliolala. Kwa jamaa ya amlodipini na propranololi, insulini nyingi pamoja na glukosi, chini ya uangalizi wa karibu, ni tiba inayotambulika leo, na vitu hivyo viwili havikosekani panapotibiwa sukari. Kwa digoksini kuna kinga-mwili zilizotengenezwa kutoka kwa kondoo, zilizotumiwa kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1976, ambazo huinyofoa dawa kutoka kwenye damu. Bei yake huziweka mbali na hospitali nyingi. Pasipokuwa nazo, kazi ni kufuatilia moyo kwa mashine, kurekebisha potasiamu kwa uangalifu, na kungoja figo.

Kuchanganyikiwa kwa digoksini kwa kawaida hufifia katika siku chache hadi wiki, rangi ya njano pia. Kwa wazee sana akili inaweza kuchelewa kurudi kuliko moyo. Ubongo uliokaa bila damu ya kutosha ni suala lingine; hapo kinachorudi kinategemea dakika zilizopotea.

Baada ya kuruhusiwa, familia nyingi hutupa kila kitu kwenye takataka. Naelewa hasira hiyo. Lakini propranololi au atenololi ikikatwa ghafla, moyo uliozoea kufungwa breki hukimbia na tansio hurudi juu, wakati mwingine kuliko ilivyokuwa mwanzo. Anayeacha Sintrom na ana valvu ya chuma, valvu hiyo inaweza kuziba ndani ya siku au wiki. Kwa hiyo kabla ya kutoka langoni, omba karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka: dawa gani zimesimamishwa moja kwa moja, zipi zinaendelea, kwa dozi ipi, na kipimo cha damu cha figo na potasiamu kirudiwe tarehe gani. Karatasi hiyo ndiyo ya kuonyesha farmasi kila mara, pamoja na kartoni tupu ya mwezi uliopita.